Tenki la pili kwenye Land Cruiser ya kuvutia tela: Kitonga limenizimikia. Mwenye uzoefu aje

#1 Mtoboa Mwamba
Wakuu salama? Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina Land Cruiser pikapu, 79 ya kabini moja, injini ya dizeli 1HZ. Kazi yake kuvuta kompresa ya kuchimbia visima. Tela na kompresa yake ni tani 2 kasoro kidogo. Nyumbani Tabata, kazini popote panapoitwa. Tenki la kiwandani ni lita 130. Gari likiwa tupu, lita hizo zinanifikisha Mbeya na nyingine zinabaki. Nikifunga tela linakunywa lita 19 hadi 20 kwa kilomita 100, na hapo sijataja mlima.

Mwezi ujao nina visima vitatu huko ndani, Itigi kuelekea Rungwa. Wanaoijua ile njia wanaelewa kwa nini nawaza mafuta kabla ya chakula. Kwa hiyo wiki tano zilizopita nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea, akanitengenezea tenki la lita 120: urefu mita 1, kimo sentimita 40, upana 30. Limekaa kwenye bodi nyuma ya kabini. Mabomba yanakutana kwenye koki, nasimama, nashuka, nageuza.

Juzi nilikuwa na kazi Ilula, nikasema nilijaribu. Dar hadi Ruaha Mbuyuni tenki la kiwandani, raha mustarehe. Pale nikageuza koki. Kuanza kuipanda Kitonga, gia ya pili, gari likaanza kufa nguvu kama mtu aliyebanwa pumzi. Likamisi mara tatu nne, likazima. Tingo akaruka na jiwe. Nikarudisha koki tenki la kwanza, nikapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, likawaka, tukapanda hadi Ilula bila neno.

Sasa cha ajabu: wakati wa kurudi, tambarare ya Mikumi, nikageuza tena tenki la pili. Spidi 80, tela nyuma, halikukohoa hata mara moja.

Tatizo nini? Na je, hili tenki lina maana au nimejitafutia balaa?

#2 Sisimizi wa Sinza
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Fundi Nozo
Mkuu dalili zako ni za gari kukosa mafuta, siyo kuzidiwa mzigo. Likizidiwa linapunguza mwendo na kufuka moshi mweusi, halizimi kwa kumisi hivyo.

1HZ haina pampu ya umeme kule kwenye tenki. Pampu ya injini ndiyo inayonyonya toka nyuma, kupitia filta. Tambarare inanyonya taratibu, kila kitu unaona kiko sawa. Mlimani inataka mafuta mengi kwa mkupuo, ndipo kila ubovu wa njia unapojitokeza. Jibu haya: tenki lina tundu la kupumulia? Mpira wa kunyonyea ni milimita ngapi? Ule mpira wa kurudisha mafuta, ritani, umeupeleka wapi? Na mdomo wa bomba la kunyonyea umeachana na sakafu ya tenki kiasi gani?

#4 Kipara cha Jua
Ulipenda kitonga kwa fundi wa bei chee, Kitonga yenyewe ikakukomesha. Pole mkuu.

#5 Mama Wawili Kimara
#4 umenimwagisha chai 😂

#6 Mtoboa Mwamba
Kipara nakuona.

Fundi Nozo: tundu lipo kwenye mfuniko, fundi alitoboa kwa msumari mbele yangu. Mpira ni milimita 6, ndio aliokuwa nao. Ritani sijaigusa, inarudi tenki la kwanza kama zamani. Hilo la nne sijui, tenki limeshachomelewa.

#7 Fundi Nozo
Umejijibu. Milimita 6 kwa gari linalovuta tani 2 ni mrija wa juisi. Weka 8 au 10, na uwe mpira wa dizeli wenye nyuzi. Ule wa kawaida ukinyonywa kwa nguvu kuta zake zinakutana kwa ndani. Nje unauona mzima kabisa.

#8 Dereva Mstaafu
Fundi naheshimu kazi yako ila hapa sikubaliani nawe moja kwa moja.

Miaka ya tisini nilikuwa na lori, nakwenda Mwanza na simenti. Sekenke likanifanyia hivyo hivyo. Tukabadilisha filta, tukapuliza mabomba kwa mdomo mpaka midomo ikawa na ladha ya dizeli siku mbili. Wapi. Mzee mmoja aliyekuwa amepaki nyuma yetu akaja, hakusema kitu, akafungua mfuniko wa tenki. Ukapiga mluzi kama birika. Akafunga, akaondoka zake.

Tundu la msumari, gari la kazi, vumbi la nyuma ya kabini. Vumbi likichanganyika na dizeli linakuwa ugali. Tenki likishindwa kuvuta pumzi, pampu inanyonya mpaka inashindwa. Sasa sikiliza na hili: tenki likiwa limejaa, hewa iliyomo ndani ni kidogo, ukitoa lita mbili tatu tu linabana. Likiwa nusu, hewa ni nyingi, linavumilia muda mrefu. Ndiyo maana Kitonga lilikataa na Mikumi lilikubali. Siyo mlima huo, ni ujazo.

#9 Mtoboa Mwamba
Shikamoo mzee. Hii ya ujazo sikuwahi kuiwaza.

#10 Dereva Mstaafu
Marahaba. Likianza tena usiguse koki. Fungua mfuniko kwanza, usikilize.

#11 Hesabu Kali
Kabla ya mluzi: hilo tenki limelazwa kwa urefu wa gari au kwa upana? Mleta mada kasema "nyuma ya kabini" ila hakusema limelala vipi, na jibu lote liko hapo.

#12 Mtoboa Mwamba
Urefu wa gari, ubavu wa kushoto. Kwa upana kuna sanduku la vifaa, lilishawahi nafasi.

#13 Hesabu Kali
Na bomba la kunyonyea liko mwisho wa mbele, upande wa kabini, siyo?

#14 Mtoboa Mwamba
Ndiyo. Fundi alisema ni karibu na injini.

#15 Hesabu Kali
Haya. Gari likipanda, mafuta yanakimbilia nyuma. Mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100 unatosha kuleta tofauti ya sentimita 10 kati ya ncha mbili za tenki la mita 1. Maana yake mbele panashuka sentimita 5, nyuma panapanda 5. Tenki lenye kimo cha 40 likiwa na robo, mafuta ni sentimita 10. Mlimani mbele zinabaki 5. Likiwa chini kidogo ya hapo na bomba limekatwa juu juu, unanyonya upepo. Ungelilaza kwa upana, ncha hadi ncha ni sentimita 30 tu na tofauti ingekuwa 3.

Bomba la kunyonyea linakaa katikati au nyuma. "Karibu na injini" siyo sababu, mpira unauzwa kwa mita.

#16 Dereva Mstaafu
Kijana hesabu zako nzuri, lakini amesema alikuwa amelijaza. Tenki lililojaa halina mbele wala nyuma.

#17 Hesabu Kali
Wapi kasema alilijaza? Nimerudia #1 mara mbili. Kasema ni la lita 120.

#18 Mtoboa Mwamba
Nililijaza Dar mpaka shingoni, sheli ya Tabata. Halina geji, napima kwa kijiti.

#19 Binti Kunduchi
Mimi navuta boti za faiba, gari Hilux, tenki la kiwandani lita 80. Naona wote mmelirukia swali la pili la kaka: lina maana au halina?

Kwangu lina maana. Nikitoka na boti tela ni refu, kuingia kila sheli ni mtihani, kuna nyingine ukiingia hutoki bila kurudi kinyumenyume huku daladala zinakupigia honi. Tenki la pili limenipunguzia vituo. Ila la kwangu la kwanza liliniaibisha. Lilikuwa juu kwenye bodi, linashusha mafuta kwenye tenki la chini kwa uzito wake tu, koki ya mkono. Chalinze nikafungua koki, nikaenda kununua nyama choma. Narudi nakuta dizeli inatiririka chini ya gari hadi kwenye magurudumu ya tela, na bodaboda mmoja kashaweka chupa anakinga. Tenki la chini lilijaa, lile la juu halijui kusimama.

Sasa hivi nina kipampu kidogo cha umeme na swichi ya kwenye dashibodi. Nikiona geji imeshuka nusu nawasha, naangalia saa, nazima. Mleta mada hiyo koki yako nayo ina shida ileile: ritani inarudi tenki la kwanza. Ukinyonya la pili wakati la kwanza limejaa, yanayorudi yatamwagikia wapi?

#20 Fundi Nozo
Dada #19 kapiga kwenye mshono. Ukitaka kugeuza kwa koki, geuza vyote viwili, kunyonya na kurudisha. Zipo koki za umeme zenye midomo sita, Pollak ni moja ya zinazojulikana, zinageuza njia zote kwa swichi moja. Ukishindwa, fanya kama dada: injini inywe tenki moja siku zote, la pili liwe la kulilisha la kwanza tu. Na hapo Kitonga haikupati, maana injini haijui kama kuna tenki la pili.

#21 Mtwara Kuchele
Niko Perth, Australia. Huku pikapu za 79 zimejaa na karibu kila anayevuta karavani kabadilisha tenki. Hawaongezi kwenye bodi, wanatoa la kiwandani wanaweka kubwa palepale chini. Long Range Automotive wanatengeneza ya chuma, ARB wana ya plastiki. Ndani yana kuta za kuzuia mafuta yasichezecheze. Na kikubwa wanachoulizana huku ni uzito. Lita 120 za dizeli ni kama kilo 100, ongeza bati. Ongeza na uzito ambao ndoano ya tela inakalia gari, kwa kawaida moja ya kumi ya tela, kwako karibu kilo 180. Vyote hivyo vikiwa nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaelea.

#22 Kipara cha Jua
Mambele kaanza. Huku ndoano yenyewe imechomelewa na fundi aliyetengeneza geti la shule.

#23 Mtwara Kuchele
😂 Ndio maana nasema pima.

#24 Mtoboa Mwamba
Langu liko mbele ya ekseli, hilo nashukuru. Springi niliongeza jani moja kila upande mwaka jana.

#25 Bundi wa Vigwaza
Na mizani je? Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 ilianza kutumika hapa Machi 2019, inagusa magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu, tela, kompresa, matenki mawili. Piga mwenyewe.

#26 Mama Wawili Kimara
Mume wangu anavuta jenereta na pikapu, hajawahi kusimamishwa mizani.

#27 Bundi wa Vigwaza
Kutosimamishwa siyo kuruhusiwa, shemeji.

#28 Mzaramo Halisi
Bundi, gari na tela vinahesabiwa pamoja au kila kimoja peke yake? Maana pikapu peke yake haifiki huko.

#29 Bundi wa Vigwaza
Anayevuta aende akaulize dirishani pale mizani kabla ya safari, siyo baada ya kukamatwa. Mimi nafanya jirani na pale, sifanyi pale.

#30 Nyundo Butu
Mimi naogopa kitu kingine. Lita 120 nyuma ya kichwa cha dereva. Mmeisahau Msamvu?

#31 Fundi Nozo
Hakuna aliyeisahau. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililipuka pale Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa. Ila yale yalikuwa mafuta ya petroli, mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi. Dizeli mpaka ipate joto la nyuzi hamsini na kitu ndipo inatoa mvuke wa kushika. Sisemi uichezee. Nasema ukitaka kuogopa, ogopa siku fundi anapolirudia tenki kwa moto likiwa limeshawekwa mafuta. Dizeli iliyobaki ukutani ikipashwa na moto wa kuchomelea inatoa mvuke, na mvuke uliofungiwa ndani ndio unaolipuka.

#32 Mzaramo Halisi
Kweli. Jirani yangu Buguruni alichomelea tenki "tupu" la Canter. Nyusi zilichukua miezi kurudi. Tangu siku ile anajaza maji mpaka juu, anaacha pale tu anapochomelea.

#33 Hesabu Kali
Naomba nimrudishe mleta mada kwenye #1. Unasema tenki ni kwa ajili ya Rungwa. Kompresa yako inakunywa nini?

#34 Mtoboa Mwamba
Dizeli. Ikifanya kazi kweli kweli, kama lita 20 kwa saa.

#35 Hesabu Kali
Basi wote humu tunajadili mkia, ng'ombe hatujamwona.

Saa 8 za kuchimba ni lita 160. Hilo tenki lako la 120 halimalizi hata siku moja ya kisima kimoja, na una visima vitatu. Dar hadi Manyoni ni kama kilomita 580, tenki la kiwandani linakufikisha ukiwa na tela, unajaza pale, unajaza tena Itigi. Gari siyo lenye kiu hapo. Mwenye kiu ni kompresa. Unahitaji mapipa mawili matatu ya lita 200 na gari la pili la kuyabeba, au mwenye kisima akubali kwenye mkataba kwamba mafuta ya eneo la kazi analeta yeye. Kutoka Itigi mpaka Makongolosi ni kama kilomita 400, huwezi kuendesha biashara kwa kubahatisha dizeli ya chupa kijijini.

#36 Sisimizi wa Sinza
Karanga zimeisha, naenda kununua nyingine.

#37 Mtoboa Mwamba
Mkuu Hesabu, kompresa ina tenki lake, na nilikuwa nimepanga kuwa hilo la 120 nalo nitalichotea kompresa. Ila umenipiga pabaya. Kwenye bei ya visima nimeweka mafuta ya siku mbili.

#38 Binti Kunduchi
Kaka rudi kwa mteja mapema. Hiyo hasara siyo ya tenki.

#39 Mzaramo Halisi
Kuna na faida ya bei ambayo hamjaitaja. EWURA wakitoa bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, angalia jedwali: Dar iko chini kuliko mikoa ya ndani kwa sababu meli inashusha hapa. Ukitoka na lita 250 za Dar unaokoa hela kila lita.

#40 Kipara cha Jua
Unaokoa hela ya soda, halafu unaibeba kilo 100 kilomita 600 ukiichoma njiani.

#41 Mtumba wa Ilala
Mnazunguka sana. Hayo ni mafuta yaliyochakachuliwa. Wameweka mafuta ya taa, gari limekosa nguvu mlimani. Mwaka 2010 gari langu lilifanya hivyo hivyo.

#42 Dereva Mstaafu
2010 ndiyo, neno lenyewe lilivuma mwaka ule. Ndiyo wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, alama ya kuyatambua yaliyochanganywa, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili isilipe tena kuchanganya. Lakini soma #1 na #18: safari kaianzia Dar, na tenki la pili kajaza hapo hapo. Na Mikumi kapita na mafuta yaleyale. Mafuta mabaya hayachagui mkoa.

#43 Mtumba wa Ilala
Kajaza sheli moja?

#44 Mtoboa Mwamba
La pili Tabata. La kwanza Kimara siku iliyotangulia.

#45 Mtumba wa Ilala
Nilijua. Sheli mbili.

#46 Mtoboa Mwamba
MREJESHO. Leo nimefungua filta. Chini ya kikombe kuna kitu cheupe, laini, kama mafuta ya mgando yaliyochanganywa na sabuni. Kiasi cha kijiko cha chai. Nimekipaka kidoleni, kinateleza, hakinuki tofauti na dizeli. Tenki la kwanza halijawahi kuniletea kitu hicho miaka minne.

Kwenye mfuniko hakukuwa na mluzi, lakini gari lilikuwa limelala siku tatu.

#47 Fundi Nozo
Simama hapo hapo. Tenki ni la bati gani?

#48 Mtoboa Mwamba
Fundi alisema bati jeusi la milimita 2.

#49 Fundi Nozo
Chukua tochi, chungulia ndani. Bati la mabati, lenye zinki, lina maua maua kama barafu iliyopasuka. Dizeli na zinki havipatani. Vinakula taratibu na kutengeneza kitu kama sabuni, kinachoziba filta na kufika kwenye nozo zinazopulizia mafuta kwenye injini. Ndiyo maana tenki la dizeli linatengenezwa kwa bati jeusi, alumini au stenlesi. Shaba nayo hapana.

#50 Mtoboa Mwamba
Nimechungulia. Kuta za nje ni nyeusi. Ila ule ukuta wa katikati, wa kuzuia mafuta yasicheze, una maua. Upande mmoja yanaonekana vizuri kabisa, mwingine umeungua kwa moto wa kuchomelea.

#51 Kipara cha Jua
Hicho ni kipande cha paa la mtu.

#52 Fundi Nozo
Kesi imeisha. Zinki.

#53 Dereva Mstaafu
Haijaisha. Wiki tano tu, ukuta mmoja, halafu kijiko kizima? Zinki inataka muda. Hayo ni maji. Mlijaza maji wakati wa kuchomelea au kupima kama linavuja? Maji na dizeli vikipigwapigwa barabarani vinakuwa vyeupe kama maziwa.

#54 Hesabu Kali
Maji yangetuama chini ya kikombe yakajitenga baada ya siku tatu. Yeye anasema kitu kinateleza kama mgando.

#55 Binti Kunduchi
Kaka, pale bomba lilipoingilia kwenye tenki, fundi alipaka nini kuzuia kuvuja? La kwangu walipaka ile gundi nyeupe ya silikoni ya kuzibia sinki. Dizeli iliilainisha, ikawa inabanduka kidogo kidogo. Niliikuta kwenye filta hivyo hivyo, laini, nyeupe.

#56 Mtoboa Mwamba
…Dada, alipaka kitu cheupe.

#57 Sisimizi wa Sinza
😂😂😂 Sasa tuna zinki, maji, silikoni, mrija wa juisi, mluzi, mlima na sheli ya Kimara.

#58 Fundi Nozo
Fanya kipimo cha kumaliza ubishi. Chukua dumu la lita 20, dizeli safi, mpira mpya wa milimita 8 moja kwa moja hadi kwenye filta. Dumu lifunge vizuri kwenye bodi, mdomo wazi kidogo lipumue. Funga tela, tafuta mlima. Likipanda vizuri, ubovu uko kwenye tenki na mabomba yake. Likikataa, nenda kwenye pampu.

#59 Mtoboa Mwamba
MREJESHO wa pili, wiki nzima imepita, samahanini.

Nimepanda Pugu kuelekea Kisarawe na tela. Dumu: limepanda vizuri. Nikarudisha tenki la pili, mpira mpya wa 8, filta mpya, tundu la mfuniko nimelipanua: siku ya kwanza limepanda, siku ya pili limepanda. Nikaanza kumshukuru Fundi Nozo kimoyomoyo. Siku ya tatu, palepale, likashtuka mara mbili, likakaa sawa lenyewe. Nikasimama nikafungua mfuniko: mluzi mdogo. Mdogo sana. Sijui kama ni mluzi au ni masikio yangu yameshafundishwa.

#60 Dereva Mstaafu
Ni mluzi.

#61 Hesabu Kali
Siku ya tatu kijiti kilisoma ngapi?

#62 Mtoboa Mwamba
Sentimita 9.

#63 Hesabu Kali
Sina la kuongeza.

#64 Fundi Nozo
Ukuta wa maua umeutoa?

#65 Mtoboa Mwamba
Bado.

Halafu kuna jingine. Jana nilikuwa namsimulia tingo huu ubishi wenu, akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini bosi, siku ile Ruaha Mbuyuni si ulivyokwenda kula mimi nilichota lita kadhaa nikaijazia kompresa?" Namuuliza lita ngapi. Anasema madumu mawili, labda matatu na nusu. Ya lita 20.

#66 Hesabu Kali
Labda matatu na nusu!

#67 Dereva Mstaafu
Hata kama ni matatu na nusu, lita 50 zinabaki. Hiyo ni sentimita 16 na ushee. Kwa hesabu zako mwenyewe, mbele zinabaki 11. Hewa inatoka wapi?

#68 Hesabu Kali
Inategemea bomba limekatiwa wapi. Na mzee, kama lilikuwa na lita 50, ile nadharia yako ya tenki lililojaa nayo imelala.

#69 Mama Wawili Kimara
Na hiyo ya kuchotwa wakati bosi anakula, mnaamini zote ziliingia kwenye kompresa?

#70 Kipara cha Jua
Shemeji kaibua kesi mpya, hii ipelekwe jukwaa la sheria.

#71 Mtoboa Mwamba
Tingo ni mtoto wa dada yangu jamani.

Mpango wangu ni huu. Jumamosi nalishusha, nalikata juu, ule ukuta wa maua nautoa, bomba nalihamishia katikati, tundu la kupumulia nalipeleka kwenye mpira mrefu uliokunjwa juu kama fimbo ya mzee. Fundi mwingine. Maji kwanza, kama alivyosema Mzaramo. Kisha nafunga kipampu cha umeme kama cha dada Binti. Na mteja wa Rungwa kakubali kuleta mapipa mawili ya dizeli, tumebishana mpaka saa nne usiku.

#72 Binti Kunduchi
Sawa kaka. Kipampu kiwekee fyuzi, na kabla yake weka kichujio, usikiache kinyonye takataka.

#73 Fundi Nozo
Ukivitoa vyote kwa siku moja hutajua kilichokuwa kinakusumbua.

#74 Mtoboa Mwamba
Fundi, nataka kufika Rungwa, sitaki kujua.

#75 Kipara cha Jua
Hicho kipande cha ukuta ukikitoa usitupe. Nakitaka, nina jiko la nyama choma halina sakafu.

#76 Fundi Nozo
Usichomee nyama juu ya zinki, moshi wake ni sumu.

#77 Dereva Mstaafu
Kama ni zinki.